Mnada wa Trekta ya Arvid

Lowell alitoka kwenye banda la gari ameshika kopo la kahawa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Eldora Brekke alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni, na alijua kabla ya kuuliza kwamba ndani ya kopo lile mna kitu chake.

Akafungua mlango wa nyuma shemeji yake hajafika kwenye gari.

"Umebeba nini, shemeji?"

"Kabureta." Lowell hakugeuka. "Imeziba. Petroli ya tangu mwaka jana imeganda humo ndani ikawa gundi. Nakwenda kuiloweka."

"Si uiloweke hapahapa? Ndoo ninazo."

"Dawa yake iko kwangu. Na inanuka, shemeji. Nikiifungua hapa hutakula leo wala kesho."

"Miaka yote nimefua nguo za kaka yako. Harufu gani tena itanitisha mimi?"

Lowell akacheka puani, akaliweka kopo kwenye kiti cha mbele cha gari, akalifunga mkanda kama anavyofungwa mtoto mchanga. "Jumamosi nitairudisha," akasema. Vumbi la barabara ya changarawe likainuka nyuma yake na kutulia polepole juu ya mahindi ya jirani.

Eldora alibaki mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Alikuwa na wasiwasi, lakini si wa mtu aliyeachwa bila silaha. Siku Lowell alipokuja mara ya kwanza kuikagua trekta na kusema kuna vitu atavifungua, yeye alingoja aondoke, akachukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu ya damu ya mzee, akapiga magoti kwenye saruji ya banda. Alitia nukta moja chini ya kabureta. Akatia nyingine kwenye betri, nyingine kwenye kifuniko cha tanki, nyingine chini ya kiti. Kila kilichoweza kubebwa na mkono wa mtu kilipata nukta yake.

Baba yao, yaani baba mkwe wake, alipofariki, Lowell alifika na gari la mizigo maua ya msibani hayajanyauka, akaondoka na keekee ya mezani, ile mashine ya kutobolea chuma. Arvid hakusema neno. Arvid alikuwa mtu wa kutosema neno. Sasa Arvid naye alikuwa hayupo, na Lowell alikuwa amerudi na gari lilelile.

*

Arvid alifariki Februari, ardhi ikiwa ngumu kama chuma, ikabidi angojewe mpaka Aprili ndipo akazikwa. Tangu siku hiyo kaburi lake lilikuwa na kibao kidogo cha bati walichokiacha watu wa mazishi, chenye karatasi ya jina chini ya plastiki. Jua lilikuwa linaila karatasi ile. Mwezi Mei jina lilisomeka lote. Julai herufi za katikati zilikuwa zimefifia, na Eldora alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: kwamba ipo siku atafika pale akute karatasi nyeupe tupu.

Fundi wa mawe mjini alikuwa na jiwe la kijivu, la wastani, dola elfu mbili na mia nne pamoja na kuchonga. Eldora hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni trekta ndogo ya bustani ya mwaka sitini na tatu, nyekundu iliyochuja ikawa kama tofali, ambayo Arvid aliikuta imetupwa nyuma ya ghala la mtu kabla binti yao hajazaliwa. Kwayo alikatia nyasi kiangazi na kusukumia theluji kipupwe, na kila tarehe nne ya Julai alikokotea kigari cha watoto kwenye gwaride la mji.

"Kuna mtu wa Iowa anaiuza kama hii elfu tatu na mia tano," alisema Solveig, simu mkononi, sahani ya viazi na nyama ya kusaga mbele yake. Solveig alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake ya mjini kuvunjika, na sasa aliendesha basi la shule.

"Nionyeshe."

Eldora akavaa miwani. Trekta ya mtu wa Iowa ilikuwa inang'aa kama tufaha la kwenye tangazo.

"Baba mdogo alisema yetu ni ngapi?" Solveig akauliza.

"Mia tisa kama ilivyo. Ikiwaka, elfu moja na mia nane, labda. Hiyo 'labda' aliitamka kama mtu anayetema mbegu."

"Lakini mama, huyu *anaomba* elfu tatu na mia tano. Kuomba si kupewa. Angalia, tangazo limekaa hapa tangu Machi."

"Umeanza kuongea kama baba yako mdogo."

"Aa! Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

"Na kwa nini ananikataza nisiipake rangi? Nilimwambia, shemeji, nitanunua makopo mawili ya rangi, tuing'arishe kama hii ya Iowa. Akaruka kama nimemwaga maji ya moto. 'Usiiguse! Ukiipaka rangi umeiua.' Eti watu wanataka ngozi yake ya zamani. Nani hapa duniani anataka kitu kikuukuu kibaki kikuukuu?"

"Watu wa matrekta si watu wa kawaida, mama."

"Au mtu anataka ionekane mbovu, ili siku ya siku aitwae kwa bei ya mbovu."

Solveig akaacha kula. "Unamfikiria hivyo kweli baba mdogo?"

"Mimi simfikirii kitu," Eldora alisema, akamwongezea viazi asivyoomba. "Namwangalia tu."

*

Jumamosi Lowell alikuja mapema na kabureta ndani ya taulo safi. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Eldora alimpelekea kahawa bandani, akasimama karibu kuliko mtu anayeleta kahawa anavyosimama.

"Hebu niione, shemeji. Nzuri hivyo!"

Lowell akampa. Eldora akaigeuza chini juu, akaigeuza tena, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Nukta haikuwepo. Hapakuwa hata na alama ya mahali ilipokuwa.

"Ndiyo ileile?" aliuliza, akajitahidi sauti yake iwe ya mchezo.

"Ndiyo ileile nini?"

"Ndiyo ileile uliyoichukua?"

Lowell alimtazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya. "Basi, shemeji, kwangu kuna mti wa kabureta? Nenda kachume na wewe."

Eldora akacheka, kwa sababu mtu akitaniwa hucheka, akamrudishia. Lakini moyoni kitu kilikuwa kimejifunga kama komeo. Alisimama hapo wakati wote Lowell alipokuwa anaifunga, anabadilisha plagi, anatia mkanda mpya, anapangusa bodi kwa kitambaa chenye mafuta mpaka wekundu wa zamani ukatoka chini ya vumbi. Kwenye ubavu wa kushoto, pale Arvid alipokuwa akiweka mkono akigeuka kutazama nyuma, rangi ilikuwa imelika mpaka kwenye chuma. Lowell alipafuta hapo zaidi ya mahali pengine.

Kisha akakaa, akavuta choki, akageuza ufunguo. Injini ikakohoa mara kadhaa, ikatema moshi wa bluu, ikashika.

Eldora alikamata fremu ya mlango. Hakuwa amejiandaa. Ile sauti, ya mtu anayesafisha koo bila haraka, aliisikia kila Jumamosi ya kiangazi ya maisha yake ya ndoa akiwa jikoni, naye aliizoea hata akawa haisikii. Sasa aliisikia yote. Machozi yakamlenga, na alipomtazama Lowell apate mtu wa kutazamana naye, aliona ameinamisha kichwa, anapangusa mikono yake kwa kitambaa, anaipangusa na kuipangusa ilhali ilikwisha kuwa safi. Hakutaka kumtazama usoni.

*Mwenye hatia hana macho,* Eldora akajiambia.

Alipokuwa anarudisha vikombe ndani, dirisha la jikoni likiwa wazi, alimsikia Lowell nje anaongea na simu, mgongo wake umeegemea ukuta wa nyumba.

"Inawaka, ndiyo... Hapana, usimpigie yeye. Nipigie mimi... Nimekwambia usimpigie, Gaylen. Yeye hajui kitu. Wewe njoo siku ya mnada na pesa taslimu, mengine niachie mimi."

Eldora alifunga bomba ili maji yasipige kelele, lakini Lowell alikuwa amekwisha kukata simu.

*

"Amebadilisha kabureta," alimwambia Solveig jioni ileile. "Nzuri ya baba yako ameichukua, ametia yake ya kuungaunga. Na ana mwenzake, anaitwa Gaylen. Wamepatana. Siku ya mnada mmoja atataja bei ndogo, mwenziwe atanyamaza, wataitwaa kwa mia tatu, wagawane."

Mnada ulikuwa ule wa maonyesho ya mashine za zamani, mwezi Agosti, kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha maziwa. Lowell ndiye aliyeshauri trekta ipelekwe huko. Ndiye pia aliyesema isiwekewe bei ya chini: "Ukiweka bei ya chini, watu wanaona unawaogopa, nao wanakuogopa." Maneno hayo, Eldora alipoyasikia mara ya kwanza, yalikuwa ushauri. Sasa yalikuwa ushahidi.

"Basi iondoe mnadani," Solveig akasema.

"Jina limekwisha kuandikwa. Watu watasema mjane wa Arvid ni kigeugeu. Hapana. Nimefikiria." Eldora akasogeza kiti. "Utataja bei wewe."

"Mimi?"

"Utasimama nyuma. Utavaa kofia na ile miwani yako ya jua. Akitaja bei Lowell au mwenzake, na wewe unapanda juu yake. Akipanda, unapanda. Mpandishe mpaka elfu mbili na mia nne, kisha nyamaza umwachie."

"Mama, huo ni udanganyifu. Mtu hanunui kitu chake mwenyewe."

"Wewe huna kitu. Kitu ni changu."

"Na akinyamaza yeye kwanza? Nitabaki nayo mkononi."

"Lowell anyamaze? Lowell aliyeng'oa keekee ya baba yake mezani na skrubu zake? Hanyamazi."

Solveig alimtazama mama yake kwa muda. Aliona mikono yake, ambayo tangu Aprili ilikuwa haitulii, imetulia mezani. "Sawa," akasema. "Lakini ukweli ni kwamba mimi ni mwongo mbaya. Baba ndiye aliyenizaa."

*

Siku ya maonyesho palikuwa na moshi wa makaa, harufu ya vitunguu, na filimbi za mashine za mvuke zilizoshtua watoto. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga meza ndefu ya pai chini ya turubai. Vitu vya mnada vilipangwa mstari kwenye nyasi, kila kimoja na namba yake ya karatasi, na trekta ya Arvid ilikuwa ya thelathini na tatu. Jirani yake, namba thelathini na nne, ilikuwa nyingine ya aina ileile, iliyopakwa rangi mpya inayong'aa. Eldora aliziangalia mbili hizo kando kwa kando, akaona haya kwa ajili ya ile ya kwake.

Lowell alikuwa amesimama karibu nayo, mkono juu ya boneti. Upande wa pili alikuwepo mtu mnene wa makamo, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, bahasha imechomoza mfukoni mwa shati. Walikuwa hawaongei. Hawakutazamana hata mara moja. Watu wasiojuana hutazamana, Eldora aliwaza. Wasiotazamana ndio wanaojuana.

Dalali, Merle Stenerud, alikuwa mtu mwenye kifua kama pipa, aliyeuza nusu ya vitu vya wilaya ile angalau mara mbili. Alipanda juu ya kigari chake na kipaza sauti.

"Thelathini na tatu, jamani! Mwaka sitini na tatu, rangi yake ya kuzaliwa, inawaka, inakata, hailali nje. Wote mnajua ilikuwa ya nani, sina haja ya kuhubiri. Nani atanipa elfu? Elfu moja? Mia tano basi. Msinitazame kama ng'ombe! Mia, nianze na mia!"

Mtu mwenye bahasha akainua kadi.

"Mia ninayo! Mia na hamsini?"

Mzee mmoja wa mbele akakuna sikio, na Merle akajua maana yake. "Mia na hamsini! Mia mbili?"

Lowell hakutikisika. Eldora alimwona anatazama ardhi, utulivu wake ni ule wa mtu ambaye mpango wake unakwenda. Akageuka nyuma, akamtafuta Solveig kati ya kofia za watu, akashika ncha ya skafu yake kama walivyokubaliana.

Solveig akainua kadi.

"Mia mbili! Nyuma kule, mama mwenye miwani..." Merle akanyamaza. Akainama mbele, akaweka kiganja juu ya macho. Uso wake ukapanuka kwa furaha. "Aha! Jamani! Ni Solveig! Binti wa Arvid anaitaka trekta ya baba yake!"

Ikawa kama mtu amezima injini. Vichwa viligeuka nyuma, kisha vikarudi mbele, na Eldora aliona kitu alichokijua maisha yake yote kikishuka juu ya watu wale. Mikono iliingia mifukoni. Mzee aliyekuna sikio alivua kofia, akaishika tumboni. Mtu wa bahasha, ambaye alikuwa mgeni, aliinua kadi yake nusu, na jirani yake akamgusa kiwiko, akamnong'oneza. Naye akaishusha haraka, uso umemwiva, kama mtu aliyekatiza sala.

Eldora alikuwa anakumbuka mnada wa kwa akina Nygaard, kijana wao alipotaja dola kumi kwa fuawe, chuma cha kufulia vyuma, ya marehemu baba yake. Arvid alikuwa anaitamani fuawe ile. Ni yeye, Eldora mwenyewe, aliyemkamata mume wake kifundo cha mkono na kukishikilia chini. Mtu wa nyumba akitaja bei, wengine hunyamaza. Hilo halikuandikwa popote na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lakini yeye alilihesabu kuwa jambo la minada ya majumbani, la nyuani kwa watu, si la uwanjani kwenye namba na vipaza sauti. Na kwa muda wa wiki mbili alikuwa amemwangalia Lowell kwa makini sana hata akawasahau watu wengine wote.

"Mia mbili," Merle alisema, sasa kwa upole, anatazama viatu vyake ili asionekane anamwomba mtu. "Mia mbili na hamsini? Mara ya kwanza."

Ongezeni, Eldora alitaka kupiga kelele. Semeni kitu! Lakini angesema nini? Kwamba binti yake amesimama pale kwa hila? Alimtazama Lowell. Lowell naye alikuwa anamtazama yeye, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeuliza swali kutoka ng'ambo ya mto.

Eldora akatazama pembeni.

"Mara ya pili. Imekwenda! Imekwenda nyumbani."

Watu wakapiga makofi.

*

Kwenye meza ya karani, Solveig alitoa dola mia mbili alizokopa kwenye pesa yake ya petroli. Karani alizihesabu, akaandika, akageuka, akamkabidhi Eldora dola mia mbili. Zilikuwa noti zilezile. Moja ilikuwa na kona iliyokatika.

"Merle amesema asilimia yake hataki," karani alisema kwa sauti ya kanisani. "Amesema, kwa Arvid, hapana."

"Mshukuruni," Eldora alisema.

Akina mama wa pai wakamzunguka. Mmoja alimtia mkononi kipande kikubwa kuliko sahani. "Eldora jamani, si ungesema! Tungejua mtoto anaitaka, nani angekuacha uilete huku?" Mwingine alimfuta Solveig shavu, akidhani ni machozi ya furaha. Eldora alikula pai ile akiwa amesimama, mpaka mwisho, kwa sababu walikuwa wanamtazama. Hakujua ni ya tunda gani.

Nyuma yao sauti ya Merle ilikuwa imepanda tena. Namba thelathini na nne ilikuwa inagombaniwa. Ilipofika elfu moja na mia sita dalali alipiga kelele ya ushindi, na aliyeinunua ni yule mtu wa bahasha.

Lowell alikuja wakati wanapandisha trekta kwenye kitoroli. Alifunga kamba ya kwanza, akaifunga ya pili, akaivuta ajaribu. Ndipo aliposema.

"Yule alikuwa Gaylen. Ametoka Dakota usiku." Akaelekeza kidevu kwa yule mtu mnene. "Ile iliyopakwa rangi amenunua kwa hasira tu, ili asirudi mikono mitupu. Hii yetu alikuwa ameijia na elfu mbili na mia nane."

Solveig akaketi kwenye ukingo wa kitoroli.

"Na yule mzee wa mbele alikuwa na elfu mbili zake," Lowell akaendelea. "Nilikuwa nimewaweka wawili, hawajuani. Nilitaka wapigane."

"Kwa nini hukuniambia?" Eldora aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Ningekuambia, ungempigia simu. Ungempikia. Angekulilia safari ni mbali, mke mgonjwa, nawe ungempa kwa elfu moja na mkate wa kwenda nao. Wewe una roho nzuri kwa kila mtu, shemeji." Akasita. "Karibu kila mtu."

Eldora alitazama kamba.

"Sasa niambie wewe," Lowell akasema. "Solveig kaitaka tangu lini? Mngenidokeza ningeacha kusumbuka."

Filimbi ya mashine ya mvuke ililia mahali fulani, ikakatika. Lowell alimtazama shemeji yake, akamtazama binti wa kaka yake na ile miwani ya jua iliyoning'inia shingoni, na Eldora aliona jambo lile linamwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

"Aa," akasema.

"Kabureta haikuwa na nukta," Eldora alisema kwa haraka. "Nilitia nukta ya rangi ya kucha chini yake. Uliporudi haikuwepo."

"Rangi ya kucha?" Lowell akavua miwani. "Nyekundu?"

"Nyekundu."

"Niliiloweka siku nne kwenye dawa inayotafuna rangi ya gari, Eldora. Ingekula hata jina lako." Hakuwahi kumwita jina lake tangu msiba. "Nyingine ipo kwenye kifuniko cha tanki. Niliiona. Nilidhani Solveig alicheza hapo alipokuwa mdogo, nikaiacha. Nikasema hii kaka aliiacha, na mimi nitaiacha."

Lowell alivaa miwani yake, akaikaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa.

"Na Gaylen? Haiwezekani tukamfuata sasa hivi?" Solveig akauliza.

"Pesa yake nyingi iko pale." Lowell akaonyesha ile inayong'aa. "Na hata angekuwa nayo, asingeichukua. Wamemweleza. Kwanza anzeni kufikiria mtawaambia nini wale waliovua kofia."

Walitazama turubai la pai. Mwanamke mmoja aliwapungia mkono. Eldora akampungia.

*

Septemba mzee aliyekuwa anakata nyasi za makaburi ya kanisa aliacha kwa sababu ya magoti. Kanisa lilikuwa linalipa dola arobaini kila nyasi zikikatwa. Solveig ndiye aliyepiga hesabu mezani, kwa kalamu nyuma ya bahasha ya umeme, akasema jiwe litapatikana mwaka wa kesho kutwa, theluji ikichelewa.

"Fundi wa mawe hatangoja," Eldora alisema.

"Mawe yapo mengi, mama."

Ijumaa alifika makaburini na trekta, kofia ya Arvid imebana nywele zake. Hakumwomba mtu aje, lakini gari la Lowell lilikuwa limekwisha kuegeshwa langoni, na mwenyewe alikuwa anakusanya matawi makavu kwa reki. Walisalimiana kwa vichwa. Tangu mnada walikuwa wanasalimiana hivyo. Eldora alikuwa amempelekea mkate wa viazi nyumbani kwake mara moja, akauacha barazani. Sahani ilirudi imeoshwa, imeachwa barazani vilevile.

Injini ilisafisha koo. Alikata safu ya akina Nygaard, akazunguka kila jiwe taratibu, mkono wa kushoto juu ya ubavu, pale palipolika, ageuke atazame nyuma asije akagonga. Mkono ulikwenda pale wenyewe. Chuma kilikuwa na joto.

Alipofika kwa Arvid akapunguza mwendo. Hapakuwa na jiwe la kuzunguka, ila kile kibao cha bati, chembamba kiasi cha kunaswa na visu na kutupwa vipande vipande. Karatasi chini ya plastiki ilikuwa imebaki na herufi mbili. Alikanyaga breki, akawa hajui apite upande gani.

Lowell aliacha reki. Alikuja mbele ya trekta bila kusema, akainama, akaking'oa kibao cha kaka yake, akarudi nyuma nacho na kukishika kifuani kwa mikono miwili. Akamwashiria kwa kidevu: pita.

Eldora akapita. Nyasi zikaanguka safi, mstari mmoja usiokatika. Alipovuka aligeuka kutazama. Lowell alikuwa amepiga goti moja, anapapasa udongo kwa kidole akitafuta tundu.

"Kushoto kidogo!" Eldora alipaza sauti juu ya injini.

Lowell akasogeza. "Hapa?"

"Umezidisha. Rudi kwangu. Hapo!"

Lowell alikisukuma kwa kiganja, akakitikisa kuona kama kimeshika, akakisukuma tena. Kisha akapangusa plastiki kwa mkono wa shati. Eldora hakuondoa mguu kwenye breki mpaka alipoona kimesimama sawasawa, ndipo akaigeuza trekta, akaingia safu ya pili.